Makaa Chini ya Injini

Tangu nirudi mmeniuliza mara nyingi nini kilitokea Makere, na kila mtu sokoni ana habari yake. Mmoja anasema gari liliishiwa mafuta. Mwingine anasema tulitegewa dawa. Mwenye mdomo mkubwa kuliko wote anasema nilimuua kaka yangu kwa ubishi. Basi naandika. Niliishia darasa la tatu na mwandiko wangu mnaujua, lakini mimi nilikuwepo na nyinyi hamkuwepo.

Kasulu hadi Makere

Ya hospitali nayaruka. Itoshe kusema daktari, kijana mpole wa kuletwa kutoka Tanga, alinivuta pembeni akasema, "Mzee, mpelekeni tu nyumbani." Nikamuuliza, huko nyumbani ndiko atakapopona? Akaangalia viatu vyake. Nikaelewa.

Mgonjwa ni Bukuru na mimi ni Butoyi. Kwetu Uha mapacha majina yao hayachaguliwi, yanawasubiri watoke. Alinitangulia kutoka kwa muda wa mkunga kufuta mikono, na kwa muda huo akaniita mdogo wake maisha yote, akanituma huku na huku mpaka tukaota mvi. Mimi nilihamia Kasulu nikafanya biashara ya maharage. Yeye alibaki Murungu, kule Kibondo, akawa mkubwa wa ukoo.

Sasa, ukoo wetu una jambo moja. Mtu aliyekata roho nje ya boma lake haingizwi ndani. Hapiti mlangoni. Analazwa uani, chini, mpaka saa ya kuzikwa. Koo nyingine wameliacha jambo hili. Sisi hatujaliacha, na aliyelishika kwa nguvu kuliko wote ni Bukuru mwenyewe. Kwa hiyo nilipomwambia tunaondoka alinishika mkono wa shati.

"Butoyi, nifikishe ninapumua. Hata kama ni pumzi moja. Nataka kulala kwenye kitanda changu."

Nikamwambia atafika. Mnajua mimi nikisema nimesema.

Gari ni pikapu yangu ya dizeli, ile ile, kuukuu kuliko wake wa baadhi yenu. Niliinunua kwa jasho la maharage na hakuna aliyenisaidia. Ina ugonjwa mmoja: baridi. Mchana inawaka kama redio. Asubuhi ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umekaa mabondeni, haitaki. Plagi za kupasha moto zimekufa, zile zinazoiamsha injini ya dizeli ikipoa, na pistoni zimelika. Nimeshaizoea. Jioni nafungua betri naiingiza ndani, nailaza karibu na mafiga. Gari naliegesha kwenye mteremko, mawe mbele ya matairi. Asubuhi naondoa mawe, liteleze, naachia klachi, linawaka. Hivyo nimeishi nalo miaka na sikuwahi kumlilia fundi.

Tulitoka Kasulu mchana, ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 2013. Mbele tulikaa watatu: mimi kwenye usukani, Editha binti yake katikati, Bukuru dirishani amemwegemea mwanawe. Nyuma kulikuwa na godoro na mifuko ya nguo. Nilimtaka alale nyuma kwenye godoro, akasema yeye si gunia. Kila shimo la barabara alilihesabu kwa meno. Nikipunguza mwendo anasema nimekuwa mwoga. Nikiongeza anasema namuua. Tukafika Makere jua linazama.

Kutoka pale kwenda Kibondo wakati ule watu hawakwenda kiholela. Kuna pori, na porini kulikuwa na watu wenye bunduki. Magari yalikwenda asubuhi kwa msafara, askari mbele. Ndiyo maana tulilala kwa Gwasa, mtu ninayenunua kwake maharage tangu watoto wake hawajaota meno. Nikaegesha barabarani, juu ya boma lake, pua ikitazama chini. Nikatega mawe, nikafungua betri, nikaingia nayo nimeikumbatia.

Mke wa Gwasa akacheka. "Shemeji, wenzako wanakuja na wake zao. Wewe unakuja na betri."

"Hii hainiulizi ninarudi saa ngapi," nikamjibu.

Tulikula ugali wa muhogo na maharage yenye mawese. Bukuru alikunywa uji vijiko viwili vitatu, akaurudisha. Walitupa chumba na jiko la mkaa limewashwa, dirisha wazi kidogo tusife kwa hewa chafu. Jiko lenyewe lilikuwa la bi mkubwa, mama yake Gwasa, aliyesema yeye blanketi mbili zinamtosha. Watu wa Makere ni wema. Kumbukeni hilo kabla hamjasoma yanayofuata, maana mimi siku ile nililisahau.

Makere, asubuhi

Nikatoka na betri yangu kumepambazuka tu. Ukungu mzito, majani yamelowa kama yamefuliwa. Nikapanda barabarani. Nikayakuta mawe. Gari sikulikuta.

Nikajua limeibwa. Nikarudi mbio, mtu mzima, nimebeba betri, nikamkuta Gwasa anapiga mswaki.

"Gwasa, gari langu liko wapi?"

"Lipo salama," akasema, meno yote nje. "Ulipolala niliwaambia vijana walishushe uani, nyuma ya ghala. Mgeni wangu alaze gari barabarani kama hana mwenyeji? Na hao wanyonya dizeli je? Makere nzima ingenisema mpaka nife."

"Nani alikuambia ulisogeze?"

"Aniambie nani, kwenye boma langu?"

"Hukuyaona mawe niliyotega?"

"Niliyaona. Nikasema, maskini, hendibreki ya mzee imekufa."

Nayo ilikuwa imekufa, lakini hayo hayakumhusu. Nilimtukana Gwasa pale mbele ya mke wake. Alisimama na mswaki mdomoni. Hakuelewa. Kwake mimi nilikuwa mtu niliyehifadhiwa mali yangu na sasa natukana. Nikamweleza habari ya mteremko, akatazama ua wake, tambarare kama sinia, na njia pekee ya kutokea inapanda kwenda barabarani. Ndipo povu la mswaki likamdondoka.

"Ungesema, mzee mwenzangu," akasema taratibu.

Nikafunga betri. Ilikuwa na joto la mafiga bado. Nikapiga selfu, injini ikazunguka vizuri, ikatoa moshi mweupe nyuma, ikanyamaza. Basi si betri. Nikalegeza mpira wa dizeli kwenye pampu, nikapampu kwa mkono, ikatoka dizeli safi bila mapovu. Basi si hewa wala si mafuta. Ilikuwa baridi tu, kama nilivyojua. Nikapiga tena, moshi mweupe tena. Nikaacha, maana betri nayo si kisima.

Tukasukuma. Gwasa, vijana wake na majirani waliokuwa wakielekea shambani wakalizungusha gari ua mzima, kuku wanaruka, bi mkubwa anapiga kelele juu ya matuta yake ya viazi. Nikaachia klachi, matairi yakaburuza udongo, injini ikaguna, ikakata. Kupandisha barabarani tulijaribu, likafika katikati ya njia likaturudia. Jirani mmoja nusura livunje mguu wake. Wakaacha. Siwalaumu, walikuwa na mashamba.

Msafara ukapita tukiwa pale. Gari la askari, basi, malori. Mtauliza kwa nini sikumpandisha Bukuru kwenye basi. Editha alikimbia barabarani akalisimamisha, kondakta akashuka mpaka mlangoni mwa chumba. Alimwangalia Bukuru anavyovuta pumzi, akasema, "Mama, huyu mimi simchukui. Akinifia njiani abiria wote watashuka." Akaondoka. Dereva ananifahamu, akanipigia honi. Nikampungia mkono kama mjinga.

Ikabaki njia moja, kuipasha injini tumbo, pale oili inapokaa. Oili ya baridi ni kama uji wa jana. Mke wa Gwasa akaleta kuni, nikakataa. Gari langu linavuja. Moto wa ndimi chini yake ungeniachia chuma cheusi. Nilihitaji makaa yaliyokolea, bila ndimi. Nyumba ile wanapikia kuni. Makaa yaliyokuwapo ni yale ya jiko la chumbani kwa Bukuru.

Nikaingia. Amejikunja, blanketi mpaka kidevuni, miguu imesogezwa kwenye jiko. Nikasimama. Sikusema kitu na sikuwa na haja, tulikaa tumbo moja.

"Linataka moto?" akauliza.

"Linataka."

"Chukua."

Editha akasema, "Baba mdogo, usiku mzima ametetemeka. Ngoja jua litoke."

"Jua la Makere linatoka saa ngapi mwezi huu?" nikamuuliza.

"Chukua, Butoyi," Bukuru akasema. "Gari ukilipa moto linawaka. Mimi nimepewa usiku kucha na siwaki."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikalibeba jiko nikatoka nalo. Nilipofika mlangoni nilimsikia meno yakigongana. Nataka mjue kwamba nilisikia. Sikurudi.

Nikamwaga makaa kwenye karai, nikalisukumia chini ya injini, nikafunika boneti kwa magunia joto lisikimbie. Mke wa Gwasa akachemsha maji, nikalowesha matambara nikayazungushia kwenye bomba la kuvuta hewa. Tukangoja. Kungoja huko ndiko kulikokula siku yetu. Ukungu ukapanda, umande ukakauka, Gwasa akakaa kwenye kinu chake. Oili ilipoanza kunuka nikajua imelainika. Nikafunga kitambaa kwenye fimbo, nikakichovya dizeli, nikakiwasha, nikakishika mdomoni mwa bomba la hewa ili injini ivute joto. Editha hajui gari. Nilimwonyesha ufunguo tu.

"Piga."

Likakohoa. Likakataa. Likakohoa tena, likanirushia masizi usoni, likashika. Nikamsukuma Editha kando, nikakanyaga mafuta mpaka nyumba ikatetemeka. Toka hapo nilijiapia: gari hili halizimwi mpaka Murungu.

Gwasa akambeba Bukuru mwenyewe, mikononi, kama mtoto. Akamweka dirishani, akafunga mlango polepole. Mimi sikumuaga vizuri. Kama kuna mtu anapita Makere, amwambie.

Kwenye kizuizi

Mbele ya pori kulikuwa na mti umelazwa barabarani na askari watatu wanaota jua. Mmoja, kwa lafudhi yake mtu wa Mara, akanyoosha mkono.

"Msafara umeshapita. Zima gari."

"Silizimi."

"Unasemaje wewe mzee?"

"Nasema silizimi."

Akashika bunduki yake vizuri. Kumbe alidhani nataka kuvunja kizuizi. Nikamwambia, "Afande, nikizima hapa, utakayesukuma ni wewe." Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Akaja dirishani, akamtazama Bukuru aliyefumba macho, mdomo wazi.

"Kama ni mgonjwa, mrudishe hospitali. Kama ni maiti, nionyeshe kibali."

Bukuru akafumbua jicho moja. "Bado ni mgonjwa, afande. Ngoja kidogo."

Yule kijana aliruka nyuma. Baada ya hapo akawa na adabu, lakini hakutufungulia. Tungoje, akasema, tupate gari la kuongozana nalo. Peke yetu hatupiti. Basi tukangoja, injini inanguruma, dizeli inaungua bure, nami nautazama mshale wa mafuta kama mtu anayemtazama mwizi.

Mama mmoja muuza ndizi alikuja na sinia lake. Kwa matamshi alikuwa Mrundi, tukasikilizana. Alimpa Bukuru kipande cha ndizi mbivu, akakinyonya akakimeza, ndicho chakula chake cha mwisho. Yule mama akamgusa nyayo. Akageuka akanitazama mimi, si kwa wema. "Mmembeba mtu na miguu ya barafu," akasema. Akavua kitenge chake cha juu akamfunga miguu, na nilipotaka kumrudishia akaondoka na sinia lake bila kugeuka. Hadi leo Editha ana kile kitenge.

Lori la chumvi lilipofika, jua lilikuwa limevuka kichwani. Dereva wake mzee wa kofia, mfanyabiashara wa Kibondo, alichungulia, akasema, "Nifuate, ndugu yangu. Sitakuacha." Na kweli hakutuacha, kila kilima alinisubiri juu.

Malagarasi hadi njia panda ya Nduta

Darajani Bukuru alisikia mbao na vyuma vinavyolia chini.

"Ni Malagarasi?"

"Ndiyo yenyewe."

"Bado mbali," akasema.

Hakusema tena. Nikakaza mwendo kiasi cha lori kuniruhusu. Baada ya daraja barabara inapanda na kushuka, vumbi la mbele linakuja lote kwetu, Editha anamfuta baba yake uso kwa mate na ncha ya kanga. Tulipokaribia njia panda inayokwenda Nduta, kule ilikokuwa kambi ya wakimbizi, wakati ule imefungwa na majani yameota kwenye misingi ya nyumba, Editha akaacha kufuta.

"Baba mdogo, simama."

"Sisimami."

"Simama umwangalie."

"Nikipunguza hapa kilimani litazima. Likizima hatufiki."

Kisha akasema, "Sasa hata tukichelewa ni sawa."

Nilikuwa na mikono miwili kwenye usukani na gia ya pili. Sikumgusa. Editha ndiye aliyemfumba macho, ndiye aliyemfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwani, gari linatupatupa. Lori mbele likaendelea, halikujua kitu. Nami nikaendelea. Nilikuwa nimemwambia atafika.

Mbele kidogo Editha akasema, "Tutasema amekata roho tukiingia getini. Nani atajua? Bado ana joto upande niliokaa mimi."

"Mimi nitajua."

"Alitaka kitanda chake tu, baba mdogo. Kitu kimoja."

Nikamuuliza, "Na Yohana?"

Yohana ni kaka yake Editha, mtoto wa kwanza wa Bukuru. Alianguka na pikipiki karibu na kwao, mtu angeweza kuita kutoka pale alipokufia akasikiwa nyumbani. Mama yake alipiga magoti aingizwe ndani. Bukuru alikataa. Akasema nje ni nje, hata kama ni hatua moja. Mama akaomba basi amtandikie mkeka, Bukuru akasema mkeka ni wa ndani. Yohana alilala kwenye udongo karibu na ghala mpaka kesho yake, na nilikuwepo, na wengi wenu mlikuwepo.

Editha alilia mpaka Kibondo. Hakuniomba tena.

Murungu

Walikuwa wamejaa uani, maana habari za mgonjwa hutangulia. Nikaingiza gari mpaka karibu na mlango. Nikashuka. Watu wa ukoo wakanizunguka, baba zetu wadogo waliobaki na vijana, na mbele yao Mama Editha, shemeji yangu, ana unga mikononi, alikuwa anatengeneza uji wa mgonjwa.

"Amefika?" mmoja akauliza.

Kila mmoja alikuwa ameshamwona kidevu kilivyofungwa. Walikuwa wananipa nafasi. Ningesema alikata roho tukipita kwenye migomba hii, wangesema haya, aingie, na kusingekuwa na neno. Najua walitaka niliseme. Aliyekuwa mkubwa wa ukoo alikuwa ndani ya gari, hivyo mkubwa sasa ni mimi, nani angenipinga?

"Alikata roho njia panda ya Nduta," nikasema.

Editha akafunika uso.

Mzee mmoja akakohoa. "Basi wewe ndiye wa kusema."

"Uani," nikasema. "Kama alivyosema yeye kwa Yohana."

Kuna walioniona mkatili, na mmoja wao ndiye anayetangaza sokoni. Sawa. Bukuru niliyemjua mimi asingeweza kulala ndani akijua mwanawe alilazwa nje kwa neno lake. Ningemwingiza kwa uongo, ningemwingiza mtu mwingine.

Wakamshusha. Mama Editha hakulia. Alipangusa unga mikononi, akawaonyesha mahali, karibu na ghala, chini ya ukingo wa paa.

"Pale pale," akasema.

Wakamlaza pale. Hakuna aliyeuliza kwa nini pale. Yeye akaingia ndani, tukasikia vitu vinaburuzwa. Vijana wakatazamana. Akatokea mlangoni anasukuma kwa mgongo, kitanda cha Bukuru kimekwama, kile cha mninga alichokitengenezesha mwenyewe, miguu yake mipana kuliko mlango.

Mzee yule yule akasema, "Shemeji, kitu cha ndani..."

Mama Editha akasimama, mkono kwenye ubao wa kitanda. "Siku ya Yohana nilikatazwa mkeka. Aliyenikataza amelala pale. Leo anakataza nani?"

Wote wakageuka kunitazama mimi. Gari bado lilikuwa linanguruma nyuma yangu, sikuwa na akili ya kulizima.

Nikavua koti. Nikaenda mlangoni, nikainama, nikashika mguu mmoja wa kitanda.

"Kiinamishe upande," nikamwambia shemeji. "Kitapita."